Kisu cha kaka: chenye meno au kisicho na meno?

Nimeingia dukani hapa Mazwi kununua kisu cha kukunja, nimetoka nimechanganyikiwa.

Kisu ni cha kaka yangu, anavua samaki Kirando.

Muuzaji akaniwekea viwili. Kimoja makali yake yamenyooka mpaka mwisho. Kingine nusu ya makali, upande wa mpini, ina meno kama msumeno.

"Unataka kipi, dada?"

Sijui. Mimi nakata vitunguu tu.

Nikampigia kaka, akapokea mama. Nikamwamkia, nikamuuliza.

"Chukua kisicho na meno," akasema. "Ni rahisi kunoa, na samaki hawachaniki."

Basi, nikamwambia muuzaji anifungie hicho.

Mara simu ikaita. Ni kaka, anaongea kwa sauti ya chini.

"Chukua chenye meno. Juzi kamba ya wavu ilininasa mguu ikanivuta majini. Imelowa, kisu kinateleza tu. Wenzangu ndio walioniokoa. Mama hajui, usimwambie."

Nikakaa juu ya mfuko wa saruji. Muuzaji akaniuliza kama naumwa.

Nimechukua chenye meno.

Sasa mama kanitumia ujumbe: umechukua kile nilichokwambia?

Jamani, namjibu nini?