Binti Anayetufundisha Heshima

Binti anayekuja kazini kutufundisha kuishi na watu wa kila namna ana sauti ya chini, hata ukimkatiza, na kila akisikiliza hupangusa miwani kwa ncha ya mtandio. Mimi mfagiaji nilikwenda kwa kulazimishwa. Utu sikufundishwa darasani. Akagawa karatasi tujaze. Yangu nikaikazia macho kama ninayesoma. Karani mmoja akacheka: "Bibi, umeishika kichwa chini."

Nikainuka niondoke. Binti akazikusanya karatasi zote, hata zilizokwisha kujazwa. "Leo tutasema kwa midomo," akasema, kisha akanivutia kiti cha mbele. "Shikamoo, bibi. Tuanze na wewe. Humu ndani nani hakusalimii?"

Nikaketi, nikawataja mmoja mmoja, naye akaandika kila neno langu.