Swali Kutoka Marsabit

Jumamosi, huku ughaibuni, kwenye basi la Hounslow, nilikaa nyuma ya muuguzi Mkenya. Alikuwa akiongea kwa video na msichana wa sekondari aliye Marsabit, ambaye muuguzi huyo humshauri mtandaoni kila wiki kuhusu kusomea uuguzi. Alimweleza kuhusu mitihani, zamu, hata viatu vya kazini. Kisha msichana akauliza, "Na ukitoka kazini, madam, unapiga stori na nani?"

Muuguzi akageukia dirisha. "Na wewe," akasema polepole.

Msichana akacheka, akidhani ni utani, kisha akaanza kuaga.

"Ngoja kwanza," muuguzi akamzuia. "Mvua imenyesha huko?"

Wakaendelea. Kituo changu kilishapita, nami sikubonyeza kengele. Nyumbani kwangu kilichoningoja ni kimya tu, na chenyewe hakina haraka.