Karsten Ostby na Swali la Tatu

Katika chuo chetu cha Kilutheri, kaskazini mwa jimbo la Minnesota, Marekani, mwanafunzi anayejiandaa kwenda shule ya udaktari hutambuliwa kwa macho mekundu na kwa jibu lake moja: "Si mbaya sana." Muulize habari za mtihani, za mguu uliovunjika au za ghala lililoungua, jibu ni hilo hilo. Karsten Ostby, mtoto wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, alilitamka kuliko wenzake wote, na muhula ule alikuwa na haki ya kulitamka.

Alikuwa amejiandikisha masomo sita: kemia ya kaboni, fizikia, jenetiki, takwimu, Kihispania na dini. Chuo kinapendekeza manne. Jumamosi alisukuma viti vya magurudumu hospitalini, kwa kuwa shule za udaktari hupenda kuthibitishiwa kwamba mwombaji amewahurumia wagonjwa kwa saa zisizopungua mia moja na hamsini.

Mimi ni fundi wa maabara ya kemia. Nilisoma miaka miwili katika chuo cha ufundi, nikafundishwa kupima, kubandika lebo, na kutoingilia yasiyonihusu. Nilichokijua kuhusu Karsten nilikisoma, bila kukusudia, kwenye ratiba aliyoibandika ndani ya mlango wa kabati lake. Ilikuwa na rangi nane. Kula: dakika kumi na mbili. Kuoga: tarehe za shufwa. Kulala: alama ya kuuliza. Kulia: Jumapili saa tisa alasiri, dakika kumi, ikihitajika.

Wenzake hawakumhurumia, kwa sababu kati yao uchovu ni cheo.

"Jana nimelala kwa muda wa saa nne tu," alisema siku moja, akisugua bika.

"Nne?" akadakia Tierney, msichana wa meza ya pili. "Kumbe uko likizo! Mwenzio mbili, tena nimekaa."

"Umekaa kwenye kiti?"

"Kiti nikipate wapi? Ngazini, bwana!"

Karsten akainamisha kichwa, kama mtu aliyeshindwa kwa haki.

Kwa nini alitaka udaktari, aliniambia mara moja tu, mwezi wa Oktoba, akinisaidia kukausha chupa. Babu yake Orrin alishikwa na maumivu ya kifua akiwa anakamua. Siku ya tatu wakampeleka kliniki. Daktari akauliza, "Inauma?" Babu akajibu, "Si mbaya sana." Daktari akaandika hivyo hivyo, kisha akamrudisha nyumbani. Mazishi yalikuwa Alhamisi. Karsten alinisimulia hayo bila kuniangalia, akaikausha chupa ile ile mara mbili, na hakuyagusia tena mambo hayo.

Katika mtihani wa pili wa kemia alipata arobaini na moja kwa mia. Kuanzia hapo hesabu ilikuwa nyepesi kuliko zote alizofundishwa: chini ya sabini mwisho wa muhula, hakuna shule ya udaktari itakayofungua barua yake. Angeweza kuacha somo moja ili aiokoe kemia, mradi apate saini ya mshauri wake na muhuri wa ofisi ya usajili kabla ya saa kumi na nusu alasiri, Ijumaa ya wiki ya kumi. Baada ya hapo mashine ya usajili hufunga mlango yenyewe.

Ijumaa hiyo mchana Karsten alisimama dakika ishirini akichemsha chupa ambayo ndani yake hakuwa ameweka kitu. Mshauri wake, Profesa Iacovelli, aliyehamia kwetu Agosti kutoka New Jersey na ambaye husema kila anachofikiri wakati bado anakifikiri, alimwona kupitia kioo. Akaja kwenye ghala langu la vifaa.

"Marit, yule kijana wako amechemsha hewa."

"Ndiyo, Profesa. Ila aliichemsha kwa uangalifu."

"Usinichekeshe, dada. Kwa nini haachi fizikia? Nilimwambia tangu Septemba!"

"Ulimwuliza mara ngapi?"

"Mara mbili! Nikamwambia, 'Mzigo huu mkubwa, tupunguze?' Akasema hapana. Nikamwuliza, 'Una hakika?' Akasema, 'Usijisumbue, Profesa.' Nikatia saini."

Niliiweka chini chupa niliyokuwa nimeishika. "Mbili tu?"

"Kwani huwa ngapi? Huu ni mnada?"

Ilinibidi nimweleze jambo ambalo kwetu halielezwi. Kahawa hukataliwa mara mbili. Mara ya kwanza ni adabu, mara ya pili ni kumpa mwenyeji nafasi ya kujitoa, mara ya tatu ndipo mtu husema, "Basi, nusu kikombe, kama ipo tayari." Anayekubali mara ya kwanza ama anaumwa ama amelelewa jimbo jingine.

"Ngoja kidogo," alisema Profesa. "Mtoto anazama wiki tisa kwa sababu nimekosa kumuuliza mara moja zaidi?"

"Inawezekana."

"Si angekuja kuniomba?"

"Ingeonekana kama anaomba."

"Nanyi nyote mnamwona anazama?"

Nilikuwa nimemuuliza Karsten mwezi uliotangulia, "Uko sawa?" Akasema si mbaya sana, nami nikarudi kwenye lebo zangu. Mara moja. Profesa alikuwa amenizidi kwa swali moja.

Saa kumi kasorobo Profesa akaingia maabara, fomu mkononi, saini tayari. Karsten alikuwa akisoma lebo ya chumvi.

"Karsten, unataka kuacha fizikia?"

"Hapana, Profesa, niko sawa."

Profesa akanitupia jicho, kama mtu aliyenunua mashine na sasa anafuata maelekezo yake.

"Unataka kuacha fizikia?"

"Kwa kweli usijisumbue. Wengine wana shida kubwa zaidi."

"Karsten Ostby. Nakuuliza mara ya tatu. Unataka kuacha fizikia?"

Tierney aliifunga bureti yake. Karsten akavitazama viatu vyake kwa muda ambao, kwa saa ya ukutani, ulikuwa dakika nzima.

"Basi," alisema, "kama haitakusumbua sana."

"Imenisumbua! Inanisumbua! Toka, kimbia!"

Hakukimbia. Kwanza aliosha bika zake, akazipanga kwa ukubwa, akafuta meza. Kisha akatoka amevaa koti la maabara tu, nje theluji ikianguka, nami nikamfuata na koti lake la baridi. Nilimkuta ofisi ya usajili saa kumi na dakika ishirini na moja, mbele ya Bi Lavonne, ambaye ana muhuri na pia ana sahani ya keki za boga alizozikata vipande vya mraba.

"Karibu, mwanangu. Chukua kahawa."

"Hapana, asante, mama."

"Theluji hiyo, naona."

"Inaonekana."

"Mwaka jana ilichelewa."

"Ilichelewa, ndiyo."

"Bibi yako Verna nyonga yake inaendeleaje?"

"Si mbaya sana."

"Ee, mshukuru Mungu. Chukua basi hata keki, umekonda kama ufito."

Fomu ilikuwa juu ya kaunta kati yao, na hakuna aliyeitazama, kwa sababu kuitazama kungekuwa kuharakishana. Kwa utaratibu wetu, shughuli huja baada ya keki, na keki huja baada ya kukataa mara mbili. Saa ilisoma kumi na dakika ishirini na saba. Karsten aliitazama, akanitazama mimi, kisha akafungua mdomo.

"Bi Lavonne, sitaki keki. Nataka muhuri. Sasa hivi."

Nimekaa mji huu maisha yangu yote, na sijapata kusikia ukimya wa namna ile nje ya kanisa. Meza ya nyuma mtu aliacha kubana karatasi. Bi Lavonne akauchukua muhuri taratibu, akaugonga, akabonyeza kitufe cha mashine.

"Haya, bwana," alisema, kwa sauti ambayo kwetu hutumika kwa talaka.

Ilikuwa imebaki dakika moja.

Jumapili, kabla kahawa ya baada ya ibada haijapoa, kanisa zima lilijua kwamba mjukuu wa Verna amesema "nataka" mbele za watu. Wengine walilaumu fizikia. Wengine walilaumu New Jersey. Verna alisikiliza yote, akasema kwamba Orrin naye ingemfaa kulijua neno hilo, kisha akaomba kipande cha pili cha keki bila kungoja kuulizwa. Nayo ikawa kashfa nyingine.

Karsten alimaliza kemia kwa sabini na mbili. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni Jumatatu iliyofuata ile Ijumaa. Aliingia maabara, akawasha jiko, na ndani ya chupa safari hii kulikuwa na kitu. Nikaacha lebo zangu.

"Uko sawa?"

"Si mbaya sana, Marit."

Nikabaki nimesimama pale pale.

"Uko sawa?"

"Hapana," alisema.

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali la tatu. Kwa kuwa halikuhitajika tena, nilimvutia kigoda, naye akakaa.