Mpira Uliokwenda Mtoni

Baba aliomba kupelekwa kwenye uwanja wa mtoni Jumapili moja baada ya kanisa, kabla hata hajavua koti.

"Si unipeleke ile uwanja ya mto," alisema, "kabla miguu haijakataa kabisa."

Nilifurahi kupita kiasi. Kwetu mimi ndiye mpangaji. Harusi, matanga, wageni wanaopanda kutoka ziwani, vyote hupitia kwenye daftari langu, na anayebadilisha mpango wangu bila kuniuliza hujuta. Nilitoa kalamu mkobani papo hapo nikaandika: Jumamosi inayofuata, gari, dawa za presha, blanketi la magoti, kuondoka saa kumi na mbili asubuhi tupitie Turbo kabla ya malori kujaa barabarani.

Ni uwanja wa zamani, uliojengwa na kiwanda kimoja huko chini Magharibi enzi ambazo timu za viwanda zilijaza watu hadi juu ya miti. Una jukwaa moja la mbao lenye paa la mabati, na upande wa pili kilima cha nyasi. Nyuma ya goli moja hakuna ukuta. Kuna mteremko mfupi wa matete, kisha mto. Baba alikuwa kipa wa timu ya kiwanda hapa Eldoret, alikokuwa karani wa stoo, na picha iliyopigwa kabla ya mechi yake ya mwisho kule bado iko ukutani nyumbani kwao, mtaa wa Pioneer. Amechuchumaa mbele ya wenzake, soksi moja imeshuka, ana sura ya mtu asiyetaka mchezo.

Hadithi ya mechi hiyo tuliijua watoto wote. Timu ya baba iliongoza bao moja kwa bila. Dakika za mwisho mpira ukaponyoka ukaingia mtoni. Mfanyakazi mmoja wa huko, aliyejitolea kuokota mpira siku za mechi, akaingia kuufuata na maji yakamchukua. Baba akajitosa na viatu vyake vya mpira miguuni, akamtafuta mpaka wenzake wakamtoa kwa nguvu. Mwili ulionekana siku ya tatu. Baba hakudaka tena maisha yake yote. Sisi tulisema ni huzuni, na tulimheshimu kwa huzuni hiyo.

Nambari ya mtunza uwanja niliipata kwa mwenzangu kazini, hospitalini ninakotunza faili, ambaye kwao ni huko. Nilipomwambia mtunza uwanja jina la timu na kwamba kipa yule ni baba yangu, alipiga kelele hadi nikaondoa simu sikioni.

"Kipa mwenyewe? Yule aliingia kwa maji? Madam, huyo ni mtu yetu! Hao wachezaji wa zamani siku hizi hawakuji. Wewe mlete tu, nitafungua kila mlango."

Aliniambia kwamba hata mjane wa marehemu bado yupo, boma lake liko karibu na ua wa uwanja, na kwamba atampasha habari. Nikasema vizuri sana. Nilikata simu nikijiona mtu wa maana, binti wa shujaa, nikakodi gari kwa jirani yangu wa Kiplombe siku hiyo hiyo.

Jumatano jioni nilipita Pioneer kuwapa wazazi ratiba. Julai ya Eldoret humleta baba jikoni, karibu na jiko la makaa, na huko ndiko nilikomkuta akiwa amefunga skafu hadi masikioni. Nilianza kumsomea: saa ya kuondoka, mahali pa kupumzika, nani atatupokea langoni. Hakuwa akisikiliza.

"Ulimuuliza kama bibi ya yule mtu bado ako?"

"Ako. Anakaa hapo karibu. Kwani?"

"Nyathina," alisema, na baba huniita mtoto wangu kwa lugha ya nyumbani pale tu ambapo hakuna mzaha, "nataka kumwambia ukweli. Ile mpira haikuponyoka. Niliipiga."

Nilicheka kidogo. Kipa kazi yake si kupiga mpira? Lakini hakucheka, akaendelea, akiangalia makaa. Siku hizo mechi ilichezwa kwa mpira mmoja. Wakati wa mapumziko kocha aliwaambia wakibanwa wautume mtoni, muda uende. Aliutuma mara mbili, na mara zote mbili yule mtu aliutoa kwa mti mrefu, watazamaji wakimshangilia. Mara ya tatu mvua ya juu ilikuwa imeshafika na maji yalikuwa ya rangi ya chai.

"Nikasema, nikiipiga karibu ataitoa haraka. Nikainua macho, nikachagua mahali. Katikati kabisa."

Nilimkasirikia hata kabla sijaelewa vizuri. Na kwa kuwa naandika haya mwenyewe bila kulazimishwa, niseme kila kitu: sikumfikiria marehemu. Nilifikiria picha iliyo ukutani. Nilifikiria miaka yote niliyosimulia watu kanisani na kazini jinsi baba alivyojitosa majini. Niliona aibu, na aibu ikatoka mdomoni ikiwa hasira.

"Baba, uende useme hivyo mbele ya watu? Unawajua watu wa huko? Watatupiga mawe!"

"Wapige."

"Na mimi je? Mimi nilipiga mpira gani?"

"Basi wewe ubaki kwa gari."

Mtu akishakuwa na kichwa kigumu, uzee humwongezea saruji. Nilimgeukia mama anisaidie. Alikuwa anachambua maharagwe bila kuinua uso, na hapo ndipo nilipogundua kwamba hakushtuka.

"Mama, ulijua?"

"Aliniambia siku ile ile, kabla hajavua jezi."

"Na ukanyamaza?"

"Nilimwambia anyamaze. Mlikuwa wanne, wewe ulikuwa na miaka minne, na hapa tulikuwa wageni. Nani angemweka kazini mtu kama huyo? Mimi nilitaka mle." Aliondoa jiwe kwenye maharagwe akalitupa. "Sasa amezeeka, anaona Mungu karibu, anataka kusema. Mimi siendi. Pelekeni nyinyi."

Kesho yake sikuweza kufanya kazi. Nilitoa faili za watu wasiohusika, daktari akanirudishia mbili. Akilini nilimwona baba amesimama chini ya lile jukwaa la mabati, mtunza uwanja amekusanya watu, watoto wa shule wameletwa kumwona shujaa, na yeye anafungua mdomo. Nilimwona pia yule mjane. Nilijiuliza ukweli huo utamfaa nini sasa. Amejua kwa miaka arobaini na kitu kwamba mume wake alikufa kwa bahati mbaya, amelea watoto na bahati mbaya hiyo, sasa mzee mmoja ashuke kutoka Eldoret amwambie hapana, mumeo alikufa kwa sababu tulikuwa tunavuta muda. Tena kwa sababu ya bao moja. Nilijiambia namhurumia. Sehemu moja ya huruma hiyo ilikuwa yangu mwenyewe.

Saa ya chakula cha mchana nilienda nyuma ya stoo ya faili, nikampigia mtunza uwanja.

"Safari imekatika," nikamwambia. "Mzee ni mgonjwa. Presha imepanda."

"Woi! Pole sana, madam. Na vile mama alikuwa amefurahi."

"Mama gani?"

"Si mjane. Tangu nimwambie, ameuliza mara tatu ni saa ngapi mtafika. Sasa wacha nimpatie nambari yako amsalimie mgonjwa."

"Usimsumbue."

"Kusumbua? Mzee ni mgonjwa na hajasalimiwa? Hapana, madam. Atapiga."

Alikata simu, nami nikabaki nimeegemea ukuta. Ningesema gari limeharibika, ingekwisha hapo. Ningesema kuna matanga, wangesema poleni. Mimi, mpangaji wa ukoo mzima, nilichagua ugonjwa, kana kwamba sikukulia miongoni mwa watu wanaoweza kuvuka wilaya mbili kumwambia mgonjwa pole kisha warudi.

Simu haikulia siku ile. Ijumaa yake haikulia asubuhi wala mchana. Nikaanza kupumua. Jioni nikapita Pioneer, nikiwa nimeshatunga uongo wa pili.

"Baba, wamesema uwanja unakarabatiwa. Labda mwaka ujao."

Alinitazama kwa muda. Macho yake yana ukungu siku hizi lakini bado yanajua kumngoja mtu. "Mwaka ujao," alisema tu, akavuta skafu. Nilijisikia vibaya, nikakimbilia kuosha vikombe vya chai.

Simu ililia ikiwa mezani, karibu na kiwiko chake. Nambari ngeni. Nilidhani ni dereva wa lile gari la kukodi, ambaye alikuwa na simu tatu na tabia ya kuzibadilisha. Mikono yangu ilikuwa na sabuni, nikabonyeza kwa kifundo cha kidole na kuiweka laudspika.

"Halo? Ni wewe mtoto ya kipa?"

Sauti ya mwanamke mzee, yenye nguvu, sauti ya mtu aliyezoea kuita watu kutoka ng'ambo ya shamba.

"Halo? Nimesikia mzee ni mgonjwa. Nikasema hapana, lazima nimsalimie. Unajua siku ile mimi sikuwa kwa mpira. Nilikuwa nimejifungua, mtoto alikuwa na wiki mbili. Lakini watu waliniambia. Watu wote walisimama wakaangalia, hata ndugu zake. Ni huyo mgeni peke yake aliingia kwa maji." Akavuta pumzi. "Sikuwahi kumwambia asante. Mwambie apone haraka akuje. Nimemfungia jogoo hapa, haiendi mahali."

Nilinyoosha mkono kukata simu. Baba aliudaka. Sikujua kama vidole vile bado vina nguvu ya namna hiyo. Sabuni ilichuruzika kwenye mkono wake hadi ndani ya koti, naye hakuniachilia.

"Mama," aliiambia simu, "ni mimi. Mimi si mgonjwa."

"Oh! Asante Mungu! Habari yako, ndugu yangu?"

"Ngoja kwanza. Usinisalimie." Alisogeza uso karibu na simu. "Ile mpira, walikuambia iliponyoka. Haikuponyoka. Mimi niliipiga kwa mto. Makusudi. Tulikuwa tunaongoza, nikataka wakati iishe. Bwana yako alifuata mpira yenye mimi nilitupa."

Nilisikia kuku upande wa pili, na mtu akipasua kuni. Nilitamani mtandao ukatike. Mtandao wa Pioneer hukatika kila nikizungumza na benki, lakini jioni ile ulikuwa safi kabisa.

"Wakati gani?" aliuliza hatimaye. Sauti ilikuwa imeshuka.

"Nini, mama?"

"Unasema ulitaka wakati iishe. Ilikuwa imebaki ngapi?"

Baba alifumba macho. "Dakika nne."

"Dakika nne," alisema. Kisha akarudia, polepole, kama mtu anayejifunza neno geni. "Dakika nne. Na maji, uliona imejaa?"

Nilimtazama baba nikimwomba kwa macho aseme hapana. Angalau hilo. Nani angejua?

"Niliona," alisema.

Kuni ziliacha kupasuliwa. Tuliisikia pumzi ya yule mama, ikiingia na kutoka.

"Jogoo sitachinja," alisema.

"Ndio, mama."

"Na kwangu hutaingia."

"Ndio."

"Lakini kesho ukuje. Ukuje hapo kwa mto, unionyeshe mahali uliipiga. Watu wote wamenionyesha mahali alipotelea. Hakuna mtu amewahi kunionyesha mahali ulikuwa umesimama."

Akakata simu.

Baba aliuachilia mkono wangu. Alama za vidole vyake zilikuwa zimebaki nyeupe kwenye ngozi. Nilitaka kumwomba msamaha kwa ile presha na ule ukarabati, nikalia tu, nimesimama na kikombe mkononi. Yeye hakulia. Aliniuliza kama bado naweza kupata lile gari. Nikamwambia naweza.

Mama alikuwa mlangoni. Sijui alifika saa ngapi, lakini uso wake ulinionyesha kwamba alisikia yote. Alipita katikati yetu, akashusha kikapu kutoka juu ya kabati, akapangusa vumbi kwa kanga yake.

"Chakula tutabeba yetu," alisema. "Na maji ya kunywa."

"Tutabeba?" nikamuuliza.

"Naenda na nyinyi," alisema mama. "Si hata mimi nilijua."