Kituo Ni Pale Mama Anapobadilisha Kiuno

Mwanangu wa kwanza alizaliwa na mguu wa kushoto umegeukia ndani, kama unachungulia kitu nyuma ya kisigino. Hospitali walisema utanyooka, ila kwa plasta. Plasta hubadilishwa kila Jumatano, na Jumatano hiyo uwe umefika kabla ya saa mbili asubuhi, maana saa mbili ndoo ya plasta inakorogwa na orodha inafungwa. Nikasema sawa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimemaliza kidato cha nne, saa naijua kusoma. Kilichonishinda si saa. Kilichonishinda ni Barani, mtaa wetu pale Malindi.

Miaka ile ya themanini, matatu zilikuwa haziingii Barani ndani, kule tulikopanga sisi. Zilipita zake barabara ya lami, zikipiga honi kama zinatucheka. Kutoka chumbani kwangu hadi lami ni mchanga, halafu mchanga, halafu mchanga. Mtoto wa miezi minane si mzito. Mtoto wa miezi minane mwenye plasta hadi pajani ni mzito kama jiwe la kusagia, na hashikiki, kwa sababu mguu mmoja haukunjiki. Nikimbeba mgongoni, plasta inanichimba mbavu. Nikimweka kiunoni, baada ya muda mkono unakufa ganzi, namhamishia kiuno cha pili. Mvua ikinyesha namfunga mguu kwa karatasi ya nailoni nakimbia, kwa kuwa plasta ikilowa ni uji.

Mara mbili nilifika ndoo imeshakorogwa. Mara ya pili sista alinishika bega, akaniambia taratibu, "Mwanangu, ukikosa tena, mguu huu utarudi ulikotoka. Tutaanza upya kama hatukufanya kitu."

Niliondoka pale nimefura. Sikulia. Mimi nikikasirika silii, nafagia. Siku ile nilifagia ua mzima, nikafika hadi uani kwa watu ambao sikuwajua, mpaka mwenye nyumba wangu akatoka kuniangalia. Alikuwa mama mtu mzima wa Kimalindi hasa, wa mji wa kale, nyumba ile ya Barani aliachiwa na marehemu mumewe. Kila mtu alimwita Bi Mkubwa, hata waliomzidi umri.

"Unafagia au unachimba kisima?"

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Jibu swali."

Nikamweleza yote kwa sauti iliyosikika hadi lami. Jirani yangu wa chumba cha pili, mama kutoka bara aliyekuwa akiuza sukuma wiki sokoni mjini, alikuwa jikoni anachochea moto. Akatoka na mwiko mkononi.

"Dereva wa ile matatu nyeupe hununua mboga kwangu," akasema. "Nilimuuliza, mbona huingii kwetu? Akaniambia yeye hana neno, ataingia, lakini karani wa njia hajamwandikia Barani."

"Karani wa njia ni nani?" nikauliza.

"Yule kijana wa shati lililopigwa pasi, anayekaa pale njia panda na daftari."

Kumbe mtu mmoja na kalamu yake ndiye aliyesimama kati yangu na ndoo ya plasta! Nilitupa ufagio. Kesho yake tukaenda, mimi, jirani yangu na mtoto. Karani hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alitupisha kivulini, akatusikiliza, kisha akasema kwa ile sauti ya mtu anayejua huna unachoweza kumletea:

"Njia si chumvi, mama, mtu akaomba tu. Nileteeni mpango. Gari lipite wapi, lisimame wapi, na kwa nini lisimame hapo."

Tukaondoka. Tulipofika mbali kidogo jirani yangu akaniuliza, "Amesema mpango?"

"Amesema mpango."

"Atajuta."

Tukaanza kucheka hapohapo barabarani, vicheko vya kichaa, mtoto naye akacheka bila kujua kitu. Sijui tulichekea nini. Labda ni kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu alikuwa ametuambia tufanye jambo, badala ya kutuambia turudi Jumatano ijayo.

Shuleni jiografia niliiweza. Nilichora ramani nyingi sana za nchi ambazo sitazifikia, ila sikuwahi kuchora mahali ninapoishi. Nikageuza kalenda kuukuu ya dukani, nikailaza sakafuni uani kwa Bi Mkubwa, nikachora njia ya Barani kutoka ndani kabisa hadi lami. Hapo ilikuwa rahisi. Vita vilianza kwenye vituo. Wanawake walikuja kama wamesikia kuna kinachogawiwa, na kila mmoja alitaka gari lisimame mlangoni kwake. Bi Mkubwa naye:

"Lisimame hapa kwangu." Akafikiri kidogo. "La, vumbi. Lisimame kwa jirani, lakini nami nilione."

"Bi Mkubwa, gari si arusi ya kuonwa."

"Wewe nyamaza, wewe kodi yako yaja nyuma kila mwezi!"

Kelele zile zilimfanya mtoto alie. Jirani yangu akamchukua, akawa anazunguka naye uani akimbembeleza, plasta inaning'inia. Akazunguka, akazunguka, kisha akamhamisha kutoka kiuno cha kulia kwenda cha kushoto. Nikaruka juu.

"Simama hapo! Kwa nini umembadilisha?"

"Amenichosha mkono, mama plasta. Kwani ni dhambi?"

Si dhambi. Ndiyo mpango wenyewe.

Asubuhi iliyofuata tulitoka na mwanangu na kapu la vifuu vya nazi. Sharti lilikuwa moja: unambeba kutoka kisima cha ndani hadi lami, na pale mkono unapokataa, unapobadilisha kiuno, unaangusha kifuu. Hakuna kujifanya shujaa. Nilimbeba mimi, akambeba jirani yangu, akambeba fundi wa cherehani, mwanamke mwenye mikono kama ya mchukuzi wa magunia. Vifuu vikaanguka karibu palepale, hatua chache huku au kule. Bi Mkubwa alisisitiza naye ajaribu. Alibadilisha kila mlango wa pili na kila mlango akaingia kusalimia. Tulikubaliana vifuu vyake tusivihesabu.

"Mwanidhulumu," akasema, "na nyumba ni yangu."

Vikapatikana vituo vinne: kisimani pa kuanzia, kwenye nyumba ya mahamri, kwa fundi wa cherehani, na kwenye mkwaju. Nikaviandika kwenye kalenda kwa hati yangu nzuri ya mtihani, na kwenye nafasi ya sababu ya vile vitatu vingine nikaandika mara tatu: hapa ndipo mama hubadilisha kiuno.

Karani aliisoma kalenda, akaigeuza, akakuta picha ya ng'ombe wa maziwa, akaigeuza tena.

"Hii ndiyo sababu?"

"Ndiyo hiyo."

Akakohoa. Akasema Jumatano gari jeupe litaingia Barani mara moja, la kujaribu. Yeye atakaa njia panda na daftari lake ahesabu abiria. "Wakiwa wachache, msinirudie."

Hapo ndipo tulipoharibu. Au tuseme furaha ndiyo iliyoharibu, maana hakuna aliyekuwa na akili timamu wiki ile. Bi Mkubwa alisema haiwezekani twende kutazamwa na mtu wa ofisi kila mmoja na rangi yake kama nguo zilizoanikwa. Lazima sare. Leso za kujitanda, za aina moja, zikanunuliwa, nyekundu na nyeupe, mimi nikapata, jirani yangu akapata ingawa kwao hawajui kuvaa leso mbili na ikawa inamteleza kila hatua. Bi Mkubwa akatia asumini kichwani. Mtu akaja na tari. Gari lilipotokea pale kisimani, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, taa zake zinacheza kwenye mchanga, nani angenyamaza? Vigelegele vikapasuka. Cha jirani yangu kilikuwa kama mtu anayefukuza ndege shambani, lakini alikipiga. Dereva naye, badala ya kututuliza, akaongeza honi.

Hivyo ndivyo tulivyofika njia panda: sare, tari, asumini, vigelegele, honi. Karani akasimama kwa heshima na daftari lake. Akasogea dirishani akitabasamu.

"Hongereni. Bibi arusi yuko wapi?"

Fundi wa cherehani, Mungu amsamehe, akanisukuma mbele na mtoto wangu mwenye plasta. "Huyu hapa! Kashazaa tayari!"

Tulicheka mpaka gari likatikisika. Tukaondoka. Saa moja na robo nilikuwa wa kwanza kwenye benchi la hospitali, wa kwanza kabisa, sista akaangalia saa ya ukutani, akaniangalia mimi, akaiangalia tena saa. Nilirudi nyumbani nikiimba, na plasta mpya.

Alasiri jirani yangu akaja kutoka sokoni, kapu halijaisha, leso mkononi.

"Dereva amekuja kwangu. Karani ameandika: gari la arusi. Abiria wa kawaida hakuna. Jumatano ijayo gari haliji."

Kwanza nilicheka, nakiri. Kisha nikauangalia ule mguu mdogo mweupe kwenye mkeka. Nikatafuta ufagio. Bi Mkubwa alikuwa ameshauficha.

Alhamisi asubuhi nilimkuta karani palepale njia panda, kwenye kiti chake. Sikumsalimu. Alipoinuka, nilimwekea mwanangu kiunoni, upande wa kulia, plasta ikimgonga paja.

"Shika."

Akashika. Mtu yeyote hushika akipewa mtoto. Mimi nikageuka nikaanza kutembea kuingia Barani.

"Mama! Wewe mama! Mtoto wako!"

Sikugeuka. Nilimsikia akinifuata, daftari kwapani, viatu vyake vya ofisi vikijaa mchanga. Angefanya nini? Watu walikuwa wanatoka milangoni mmoja mmoja. Walipoona shati lililopigwa pasi na plasta ya mwanangu, wakaelewa bila kuelezwa, wakaanza kutufuata kimya. Tulipofika kwenye mkwaju nikageuka kutazama. Karani akamhamisha mtoto kiuno cha kushoto. Tukaendelea. Mbele ya cherehani, akamrudisha kulia. Fundi akaziba mdomo kwa kitambaa alichokuwa anashona.

Kufikia hapo karani alikuwa ameng'amua, maana alitutazama, akaitazama njia, akakaza meno. Alipania kuipita nyumba ya mahamri bila kubadilisha. Akaipita! Hatua moja, mbili, tatu, uso unatoka jasho, nne, tano. Akambadilisha.

Barani yote ikalipuka. Bi Mkubwa alipiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika hadi mji wa Mambrui. Karani alijaribu kukasirika, akashindwa, akacheka huku amekaa kwenye ukuta wa kisima, akinyoosha mkono kama ni wa mtu mwingine.

"Lakini jana ilikuwa arusi," akasema. "Bibi arusi mwenyewe nilionyeshwa."

Hapo makosa yalikuwa yetu. Bi Mkubwa ndiye aliyejitokeza, akampa maji kwanza.

"Baba, sisi huku hatujui kufurahi bila sare. Sare ilikuwa yangu. Niandike mimi, uwaache hawa."

Karani akanyoosha mkono kutafuta kalamu mfukoni, kumbe mwanangu alikuwa ameshaichukua kitambo na anaitafuna. Ikabidi amwombe. Alipoipata akafungua daftari, akatuuliza mmoja mmoja tulikokuwa tunakwenda Jumatano. Mimi hospitali. Jirani yangu sokoni. Fundi kununua uzi. Mwingine kazini hotelini kufua mashuka. Mwingine kumpeleka mamake kwa daktari wa macho.

"Na wewe, Bi Mkubwa?"

"Mimi? Mimi nilikuwa naenda kuona wenzangu wanakokwenda."

Akamwandika. Naapa, alimwandika abiria.

Jumatano iliyofuata gari jeupe lilikuja kisimani bila tari. Tulivaa kila mmoja rangi yake, tukasimama kimya kama watu wa msikitini, tukaogopa hata kutabasamu mpaka tulipoipita njia panda. Karani aliinua kalamu tu. Gari likaja na Jumatano nyingine, na siku zilizo katikati, na sikuikosa tena ndoo hata mara moja.

Siku sista alipoikata plasta ya mwisho, mguu ulitoka mwembamba, mweupe wa vumbi, umeangalia mbele. Mbele kabisa, kama wa mtu anayekwenda mahali. Nilipanda gari kurudi, lakini nikamwambia dereva anishushe kwenye mkwaju. Akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia nashuka.

Nilimweka mwanangu kiuno cha kulia nikaanza kutembea. Alikuwa mwepesi mno, nilihisi kama nimesahau kitu hospitali. Nikaupita mkwaju. Nikampita fundi wa cherehani, nikamwonyesha kiuno changu, akatoka mbio na futi shingoni. Nikaipita nyumba ya mahamri. Wanawake walikuwa nyuma yangu wakihesabu vituo kwa sauti, na mimi ninakwenda, mkono uleule, kiuno kilekile, nacheka hadi machozi, hadi kisimani. Sikubadilisha hata mara moja.

Bi Mkubwa alikuwa mlangoni, amekunja uso.

"Ingia ndani upesi na mtoto wako!" akanipigia kelele. "Karani akikuona hivyo, atatuondolea gari!"