Nimechagua Siku ya Dripu Ili Wifi Yangu Aaibike

Admin nifichie jina, na ninyi wa Mnyambe mkinitambua nyamazeni tu. Mimi ni mwanamke wa miaka 39, mzaliwa wa Chiwata, nimeolewa huku Newala, nina watoto watatu. Sitaki kuonewa huruma. Nina hasira, na nimefanya jambo ambalo hata mume wangu halijui.

Miaka mitatu iliyopita niliteleza kwenye mteremko nikiwa na ndoo ya maji kichwani, nikavunjika mkono wa kulia. Nikafungwa plasta, ikatolewa, picha ikaonyesha mfupa umeunga vizuri. Hapo ndipo maumivu yalipoanza. Mkono unawaka kama umepakwa pilipili, unavimba, unabadilika rangi, kanga ikiugusa tu machozi yananitoka. Nilihangaika sana mpaka daktari mmoja akanieleza kwamba mfupa umepona ila mishipa ya fahamu imevurugika, inaleta maumivu hata pasipo kidonda. Siku nyingine ukiutazama kwa nje huoni kitu. Basi wifi yangu, dada wa mume wangu, nimwite Mama Zai, akapata la kusema.

Alianza kidogo kidogo. "Mfupa umeunga, huyu anakwepa jembe." Kisha ukaja unyago wa binti wa jirani. Mnajua siku ya kuwatoa wari, wale mabinti waliofundwa ndani, wanawake wanavyoimbana mafumbo. Mama Zai akaingia katikati ya uwanja, akaukunja mkono wake kifuani kama ninavyoukunja mimi, akaanzisha: "Mkono huu jembe hauwezi, tonge unaweza!" Uwanja mzima ukaitikia. Na kwetu ukiimbwa ngomani hununi, ukinuna umekubali kwamba ni kweli. Nikacheka nao. Nikapiga na vigelegele. Nilipogeuka nikamwona mume wangu amesimama na wanaume wenzake, naye anacheka. Mpaka leo nikipita sokoni kuna watu wanaukunja mkono wakiniona.

Sasa sikilizeni. Zai, binti wa huyo huyo wifi, ni mwari wangu. Bibi yake alinichagua niwe somo wake, yaani mlezi wake wa unyago, tangu akiwa mtoto mdogo, na wifi hakuweza kubishana na mama yake mzazi. Mwezi huu nimemwingiza ndani mimi mwenyewe, nikamfunga shanga. Kwetu somo aliyemwingiza mwari ndiye anayemtoa. Asipoonekana, mwari anatolewa na mtu wa kuokoteza, na mama mtu anasemwa mpaka anazeeka kwamba alimkosea nini somo. Zai anatoka Jumamosi ya wiki ijayo.

Juzi nesi wa hospitali akanipigia simu kwamba zamu yangu ya dripu imefika. Nimeisubiri miezi minane. Ni dawa ya kutuliza mishipa, inaingia polepole kwa saa kadhaa, siku tatu mfululizo, unalala pale pale huku mashine inasoma moyo. Damu na moyo nilishapima. Akanielekeza nisile kitu kuanzia alfajiri, nije na mtu mzima wa kuniangalia, nibebe vidonge vyote ninavyomeza, na kucha ziwe safi bila hina wala rangi kwa sababu kuna kifaa wanakibana kidoleni. Hakuniahidi kupona. Alisema wengine hupata nafuu ya wiki chache, wengine miezi. Mimi hata siku moja ya kusonga ugali bila kulia naitaka.

Kisha akauliza, "Mama, tukuandike uanze Jumatatu au Alhamisi?"

Nikianza Jumatatu namaliza Jumatano, napumzika, Jumamosi namtoa Zai. Nilijua. Hata sikufikiri mara mbili.

"Alhamisi," nikasema.

Nyumbani nikawaambia hospitali ndiyo iliyopanga na haibadilishwi.

Jana Mama Zai akaja na jogoo, mara ya kwanza kuingia kwangu tangu ile ngoma. "Wifi yangu, nakuomba, isogeze hiyo dripu." Nikamwambia haisogei. Mnajua alichosema? "Mkono umeuma miaka mitatu, utashindwa kuvumilia wiki moja?" Samahani hakutamka. Nikamjibu, "Wifi, si ulisema mkono huu unaweza tonge tu? Mwari utamwezaje?" Akaondoka analia. Siwafichi, nilisikia raha. Jogoo nikamchinja, nikamla.

Tatizo langu ni Zai. Tangu nivunjike mpaka alipoingia ndani, maji ya nyumba hii alikuwa anateka yeye, na hajawahi kuuimba ule wimbo. Leo asubuhi nimeingia ndani kumwona, nikakuta bibi yake ameshampa habari. Akainamisha kichwa, akasema, "Somo, nenda ukatibiwe. Mimi nitatoka na yeyote." Nilitamani anilaumu. Nikatoka nje.

Leo Ijumaa nesi amenitumia ujumbe. Nafasi ya Jumatatu bado ipo, nimjibu kabla ya kesho mchana, la sivyo anampa mgonjwa mwingine. Nikikubali, napata dawa mapema na Zai anatolewa na somo wake, lakini mama yake atasimama pale uwanjani amejipamba, amenichezea na hakuna kilichompata. Nikinyamaza, siku hiyo nitakuwa nimelala na dripu, najua kabisa kwamba saa hiyo wanawake wanamuuliza wifi somo yuko wapi, naye anatafuta pa kuficha uso. Tangu ule wimbo naingoja siku hiyo. Ila Zai atakuwa amesimama ubavuni kwake.

Msiniambie nisamehe, hilo sijauliza. Nauliza kama kuna njia ya kumlipizia mama bila kumuumiza mtoto. Kama ipo, nielekezeni. Kama haipo, nishaurini nifanye nini, maana simu ninayo mkononi na nesi bado sijamjibu.