Ukuta Kati Yetu na Kambo Ngoie

Asubuhi ya kwanza baada ya mama kuondoka, niliamshwa na sauti ya mtu akitwanga ndani ya ukuta wetu. Nililala nikisikiliza, nikidhani mama amerudi na yuko jikoni, mpaka nilipokumbuka kwamba mama alikuwa Lukafu, kwa bibi yangu mzaa mama aliyekuwa ameshikwa na kiharusi, na kwamba alikuwa amewachukua wadogo zangu wote. Mimi niliachwa Lubumbashi kwa sababu ya shule. Aliyekuwa akitwanga ni jirani yetu, Kambo Ngoie. Kwetu kambo ni bibi, na yule mama mtu mzima, mjane wa dereva wa gari moshi, aliitwa hivyo na mtaa mzima. Nyumba zetu zilikuwa zimeshikana. Wabelgiji walizijenga safu nzima kwa ajili ya makarani wa reli, matofali mekundu, paa moja refu la bati, na mbele barza iliyokwenda toka nyumba ya kwanza hadi ya mwisho chini ya matao. Kila mlango ulikuwa na nusu duara ya vioo juu yake. Ndani, dari zilikuwa juu sana kwa mtoto, na watu walipotoka, sauti yangu ilipanda huko na kupotea.

Baba alifanya kazi kwenye karakana ya reli, na miezi hiyo alipangiwa zamu ya mchana. Nilipotoka shuleni yeye alikuwa ameshakwenda. Nilikuta bukari, ugali wetu, imefunikwa kwa sahani, baridi, na sombe ya majani ya muhogo pembeni. Nilikula nikiwa nimesimama. Shuleni tulikuwa tumeimba na kucheza kwa ajili ya chama tawala tangu asubuhi, tumeitana majina ya Kizaire peke yake, kwa maana yale ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa. Nyumbani ni mama tu aliyeniita Monika. Alipoondoka, jina hilo liliondoka naye. Mvua za kwanza zilipoanza, zilipiga bati kwa nguvu hata sikusikia redio. Nilikaa chini, mgongo ukutani, upande wa Kambo Ngoie, kwa kuwa mbabula yake ya makaa ilikuwa nyuma ya ukuta ule na matofali yalipata joto kidogo. Siku moja nilikuwa nikilia hapo. Kutwanga kukasimama.

“Monika?” sauti ikaita kutoka ndani ya matofali. “Ulishakula?”

Sikujua kwamba alilijua jina langu.

Baada ya siku hiyo tulizungumza hivyo kila jioni, yeye upande wake na mimi wangu, tukipaza sauti. Nilimsomea masomo yangu ya Kifaransa, naye alinisimulia vituo vyote ambavyo marehemu mume wake alipita akielekea kaskazini, walikotoka. Lakini kwenda kwake sikuruhusiwa. Baba alikuwa amenikataza kutoka nje barzani yeye akiwa kazini, na sikuelewa kwa nini, maana mlango wa Kambo ulikuwa hapo hapo kando ya wetu. Nilidhani wamegombana. Kumbe siku moja baba alimwendea mwenyewe, wakapatana jambo: wangetoboa ukuta na kuweka mlango mdogo jikoni, ili niingie na kutoka bila kupita nje.

Jumamosi baba alichukua nyundo na patasi, akaanza. Tofali la kwanza lilikuwa limetoka, na nilikuwa nimeona kwa mara ya kwanza mwanga wa jiko la Kambo, mtu alipobisha hodi. Alikuwa bwana mwembamba aliyevaa abakosti ya kijivu, ile suti isiyo na tai, kutoka ofisi ya serikali iliyoshughulikia majengo ya kale. Wiki chache kabla, walikuwa wamepigilia kibao cha chuma kwenye nyumba ya kona, na siku hiyo alikuwa akipima matao.

“Sitwayen, simama kwanza,” alisema, kwa lile neno la serikali la kuitana raia. “Hii nyumba yote ya mustari iko classée. Sheria inaichunga. Hakuna kuvunja.”

“Nilisikia ni mbele tu,” baba alisema. “Matao na milango.”

“Hata ndani.” Akaingia, akamwonyesha baba boriti zilizotoka pande zote mbili na kulala juu ya ukuta ule mmoja. Alieleza kwa upole kwamba ukitoboa bila kushikilia juu, paa za nyumba mbili zitashuka. Kisha akaliokota tofali, akalifuta vumbi, akalirudisha mahali pake kwa mikono miwili.

Kambo Ngoie alikuwa amezunguka kwa nje, amesimama mlangoni na mikono yenye unga. “Sheria inachunga ukuta,” alisema. “Na mutoto, ni nani anamuchunga?”

Yule bwana alimtazama, akanitazama mimi. “Mama, hakuna sheria yenye kumukataza mutoto kupita ku mulango.”

Baba aliketi kwenye kiti, nyundo magotini. Sijawahi kumwona amechoka vile. “Bantu ba mutaa batasema bibi yangu, mama ya batoto, alinikimbia,” alisema polepole. “Bataona mutoto anaenda kulala kwa jirani, batasema nyumba yangu ilivunjika.”

“Bantu balishasema,” Kambo alijibu. “Leta mutoto.”

Jioni ile baba alinishika mkono, tukapita barzani mbele ya majirani wote waliokaa wakipunga hewa. Hakuinamisha kichwa. Alimsalimu kila mmoja kwa jina. Nililala kwa Kambo Ngoie msimu wote wa mvua, nikala chakula cha moto, nikaitwa Monika waziwazi. Mama alirudi mvua zilipokwisha, amekonda, amenyolewa kwa ajili ya msiba wa bibi. Kabla ya kiangazi kuisha, mtoto wa Kambo alikuja kumchukua kumpeleka Kolwezi, na hatukuonana tena. Nyumba yake ilikaa tupu. Kwetu tulikuwa tumejaa tena, wadogo zangu wakipiga kelele kila chumba, lakini jioni nilirudi kukaa pale jikoni, na matofali yalikuwa baridi.

Safu ile ingali imesimama. Sheria ilifanya kazi yake, matao yamepakwa chokaa na vioo vya nusu duara vimo vyote. Sasa ni ofisi. Saa za kazi zikiisha wanafunga, na hakuna anayelala humo. Mimi ninaishi pembeni ya mji, katika nyumba inayosimama peke yake, nyuma ya uzio mrefu kuliko mtu. Juzi niliugua malaria karibu wiki nzima. Jirani yangu alijua baadaye sana, tulipokutana kwenye magari yetu langoni. Alishusha kioo nusu, akanipa pole, akakipandisha.